Albamu ya kwanza uzeeni si dalili ya kipaji kilichochelewa

Wengi huamini kwamba mpiga tarumbeta au saksafoni wa fanki (funk, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi) anayetoa albamu ya kwanza kwa jina lake akiwa na miaka 60 na ushei hakuwa na uwezo wa kutosha ujanani. Dhana hiyo inaeleweka, kwani kwa mwimbaji albamu ya kwanza kwa kawaida ndiyo mwanzo wa safari.

Kwa wapulizaji mambo yalikwenda vingine. Fanki ilipochipuka Marekani miaka ya 1960, kazi yao ilikuwa kupuliza kwa pamoja vipande vifupi, vikali, vinavyojibizana na besi na ngoma. Ustadi wenyewe ulikuwa kutosikika peke yako! Wengi walilipwa ujira wa kikao cha kurekodi tu. Mirabaha ya utunzi ilikwenda kwa walioandikishwa kuwa watunzi, hata pale kipande cha tarumbeta kilipokuwa ndicho kinachokumbukwa, na kwa sikio langu hilo si nadra. Majalada mengi ya santuri za zama hizo hayakuwataja kabisa.

Ukitaka kuhakiki kazi za mpulizaji fulani, usianze na albamu zenye jina lake mbele. Soma majina ya wapigaji nyuma ya jalada, au mtafute kwenye hifadhidata za muziki mtandaoni kama mpiga ala, si kama msanii mkuu. Linganisha vyanzo viwili, maana baadhi ya orodha hizo hujazwa na mashabiki. Matoleo yaliyorudiwa kwenye CD nayo wakati mwingine huwa na kijitabu chenye majina yaliyoachwa mwanzoni.