Resho ya stelingi haipimi uzito wa usukani

Resho, yaani uwiano, ya stelingi boksi, lile boksi la gia lililopo kati ya usukani na matairi, inatokana na kulinganisha mizunguko miwili. Ukizungusha shafti inayoingia juu ya boksi digrii 24, na ile inayotoka chini ikiwa imebeba mkono wa pitimani, ule unaosukuma fimbo za matairi, ikageuka digrii moja, boksi hilo ni la 24:1. Likitaka digrii 12.7 kwa kazi hiyohiyo, ni la 12.7:1. Maana yake ni hiyo tu, na kama watu wangeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kila linapozuka suala la kubadilisha boksi kwenye yale magari ya zamani ya Kimarekani yanayoitwa magari ya misuli, yaani Chevelle, Charger, Mustang na wenzao wa miaka ya 1960, namba hii inabebeshwa mizigo isiyo yake. Mmoja anatafuta resho ndogo kwa sababu stelingi yake ni nzito. Mwingine anamshauri aweke 12.7, eti inaua plei, yaani ule mchezo wa bure wa usukani. Anatokea wa tatu, kwa sauti ya mwalimu, anaonya kwamba resho ndogo itamvunja mabega. Wanabishana saa nzima kuhusu kitu ambacho namba haikukitaja.

Stelingi ina maswali yake matatu. Usukani unazunguka mara ngapi kutoka mwisho hadi mwisho? Unataka nguvu kiasi gani? Na unacheza bure kiasi gani kabla matairi hayajaanza kugeuka? Resho inajibu swali la kwanza. Kwa la pili inajibu wakati fulani tu, na hapo ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa. Kwa la tatu haijibu kabisa, ingawa inajua kudanganya.

Tuanze na la pili, maana ndilo linalosumbua.

Aliyewahi kufungua boksi la Land Cruiser au la Canter anajua kilichomo. Kuna shafti yenye mfereji wa skurubu, juu yake kuna nati, na kati ya nati na skurubu zinapita gololi zinazozunguka na kurudi zilikotoka. Nati ina meno upande mmoja, na meno hayo yanasukuma kipande cha gia kilichopo kwenye shafti ya chini. Maboksi ya Saginaw, yaliyotengenezwa na tawi la General Motors huko Michigan na kufungwa kwenye Chevrolet, Pontiac, Buick na Oldsmobile, yamejengwa hivyo. Kwenye boksi la mkono, lisilo na pampu wala oili ya presha, nguvu pekee ni ya dereva, kwa hiyo resho ndiyo wenzo wake. Namba ikiwa kubwa usukani ni mwepesi, ila utauzungusha mpaka uchoke. Namba ikiwa ndogo unazungusha kidogo, lakini kwa jasho.

Piga hesabu. Tuseme mkono wa pitimani unatembea digrii 80 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa boksi la 24:1 hizo ni digrii 1,920 za usukani, yaani mizunguko mitano na theluthi. Kwa 16:1 ni mizunguko mitatu na nusu hivi. Kwa 12.7:1 haifiki mitatu. Fikiria sasa gari lenye injini ya V8 ya chuma cha kutupwa imekaa juu ya matairi ya mbele, unataka kuliegesha, na boksi ni la mkono. Ndiyo maana viwanda viliweka 24:1. Haikuwa uzembe wa wahandisi. Walikuwa wanamwonea huruma dereva.

Kwa hiyo katika dunia ya maboksi ya mkono, kusema "resho ndogo ni nzito" ni sahihi. Mwalimu wetu hakuokota maneno yake barabarani. Ila dunia hiyo ilianza kufungwa mwaka 1951, Chrysler ilipouza Imperial yenye pawa stelingi, yaani stelingi inayosaidiwa na oili ya presha, gari la kwanza la abiria kuuzwa na mfumo huo. Mhandisi Francis Davis alikuwa ameshaujenga na kuuonyesha tangu miaka ya 1920. Gharama ndizo zilizouchelewesha. Tangu siku ile oili ilichukua kazi ya wenzo, na resho ikabaki na kazi yake ya asili ya kuhesabu mizunguko.

Mfano ninaoupenda unatoka hukohuko Chrysler. Dodge na Plymouth za mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliweza kupatikana na boksi la mkono la 24:1, au la mkono la 16:1 kwa wapenda mbio, au boksi la pawa la 15.7:1. Tazama hizo mbili za mwisho. Kati ya 16 na 15.7 tofauti ni ya kukwaruza tu. Lakini waulize waliowahi kuziendesha. La 16 la mkono linataka mabega mawili wakati wa kuegesha. La 15.7 la pawa unaligeuza kwa kidole kimoja, na wengi wanalalamika kwamba ni jepesi mno, huisikii barabara. Kama resho ingepima uzito, maboksi haya mawili yangekuwa ndugu.

Uzito wa maboksi mengi ya pawa unaamuliwa na kitu ambacho wauzaji wengi hawakitaji: kijiti chembamba cha chuma kilichofichwa ndani ya shafti ya juu, kinachoitwa torsheni baa. Unapogeuza usukani, kijiti hiki kinajisokota kidogo kabla boksi halijasogea, na kule kujisokota ndiko kunakofungua vali na kuruhusu oili ya presha isukume upande unaotakiwa. Kijiti chembamba kinajisokota haraka, vali inafunguka mapema, usukani unakuwa wa kidole. Kijiti kinene kinakuhitaji uweke nguvu kwanza, na nguvu hiyo ndiyo watu wanaiita hisia ya barabara. Maboksi mawili ya 12.7:1 yenye vijiti tofauti yatakuwa na uzito tofauti kabisa mkononi. Pampu nayo ina sauti yake hapa, kwa sababu presha na wingi wa oili inayoleta unaongeza au kupunguza msaada. Ukifunga boksi la kampuni moja na pampu ya kampuni nyingine, unaweza kupata stelingi nyepesi kama maji, ukalilaumu boksi bure.

Ford waliongeza utata wao. Mustang za kwanza zenye pawa stelingi hazikuwa na pawa ndani ya boksi hata kidogo. Boksi lilikuwa la mkono, na silinda ya haidroliki ilifungwa nje, chini ya gari, ikisukuma fimbo zinazounganisha matairi. Anayesema Mustang yake ya 1966 ina "boksi la pawa la kiwandani" amekosea sentensi nzima, ingawa gari kweli lina pawa.

Sasa la plei, ambalo ni udanganyifu mtamu.

Mtu anaondoa boksi la 24:1 la miaka hamsini na zaidi, anafunga jipya la 12.7:1, anashika usukani na kutangaza kwamba resho imeua plei. Usukani ulikuwa unacheza, sasa hauchezi, ushahidi gani tena? Lakini mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja. La kwanza, boksi ni jipya. Gololi na meno havijalika. Boksi jipya la 24:1 nalo lingekaza. La pili ndilo la ujanja. Tuseme tairodi, yaani fimbo zinazoshika matairi, na fimbo za katikati zimelika, na zinaruhusu pitimani kusogea nusu digrii bila matairi kujali. Kwa 24:1 nusu digrii hiyo inaonekana kwenye usukani kama digrii 12. Kwa 12.7:1 inaonekana kama digrii 6 na kidogo. Ulegevu uko palepale, haujapungua hata unywele. Resho imeupunguza machoni pako tu. Matairi bado yanatangatanga kama jana, na sasa, kwa kuwa kila digrii ya usukani inageuza matairi karibu mara mbili ya zamani, kila sahihisho lako dogo kwenye barabara kuu linakuwa kubwa. Ndiyo maana wengine wakishafunga boksi la haraka wanasema gari limekuwa na wasiwasi. Lilikuwa nao tangu zamani.

Na kabla ya kununua chochote, naomba lile parafujo la juu ya boksi, linalobana meno ya ndani, liheshimiwe. Kwetu huku kukaza boksi la Land Cruiser kwa bisibisi ni dawa ya kila plei, na Wamarekani wana tabia hiyohiyo. Meno ya boksi yamekatwa ili yabane zaidi kidogo katikati, matairi yanapotazama mbele, na hapo ndipo yanapolika sana. Ukikaza parafujo usukani ukiwa umekatwa pembeni, au ukikaza mpaka plei ya tairodi isisikike, ukirudi katikati boksi litabana. Usukani hautajirudisha wenyewe baada ya kona, na meno utakuwa unayasaga.

Kuna fujo nyingine ndani ya neno hilohilo. Resho ya boksi na resho ya gari zima ni namba mbili. Ya gari inalinganisha usukani na tairi lenyewe, na katikati yao kuna urefu wa mkono wa pitimani na urefu wa mkono uliopo kwenye tairi. Chukua boksi la 16:1 lenye pitimani ya inchi 5 na mkono wa tairi wa inchi 6: kwa makadirio, resho ya gari ni 19.2:1. Refusha pitimani mpaka inchi 6 na resho ya gari inashuka hadi karibu 16:1, bila kufungua boksi. Shelby GT350 ya 1965 ilifanyiwa hivyo: iliwekewa pitimani ndefu, na mkono mwenzake wa upande wa pili mrefu pia, ili stelingi iwe ya haraka. Kwa hiyo mtu akisoma 19 kwenye jedwali moja na 16 kwenye jingine kisha akadai mmoja anadanganya, huenda wote wanasema kweli, kila mmoja akipima mahali pake. Halafu kuna maboksi ya resho inayobadilika, ambayo GM ilianza kuyafunga kwenye Cadillac ya 1965. Katikati ni ya taratibu, ukikata kona inakuwa ya haraka. Hilo ukiliandikia namba moja umeshaacha nusu ya habari.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, nitapita haraka kwa kuwa vitabu vya vipuri vinasaidia. Watu wengi hutoa maboksi ya 12.7:1 kwenye Camaro IROC-Z za miaka ya 1980 na kuyafunga kwenye Chevelle. Mashimo ya bolti yanakubali, ila baadhi ya maboksi hayo yana vizuizi vya ndani vinavyokata mwendo wa pitimani mapema, na gari linaanza kuhitaji uwanja wa mpira kugeuka. Hapo mizunguko michache unayojivunia imetokana na resho, na pia na kona uliyonyang'anywa. Hesabu meno ya shafti ya kuingilia, maana mengine yana 30 na mengine 36. Angalia pia viunganishi vya mipira ya oili, kwa sababu vya zamani ni vya inchi na vilivyofuata ni vya milimita na pete ya mpira. Alaimenti nayo irudiwe. Magari yenye stelingi ya mkono yalipewa kasta ndogo, yaani mwinamo wa mhimili ambao tairi hugeukia, ili yawe mepesi. Ukishaweka pawa unaweza kuongeza kasta kwenda upande wa chanya, na hiyo itatuliza gari kwenye mwendo kuliko namba yoyote ya boksi.

Basi tukubaliane lugha. Stelingi ya haraka ni ile yenye mizunguko michache, na inaweza kuwa nzito au nyepesi. Nyepesi ni suala la pampu na torsheni baa, kama boksi ni la pawa. Iliyokaza ni ile ambayo vifaa vyake havijalika, kuanzia boksi hadi tairodi ya mwisho. Kwa hiyo ukimpigia muuzaji simu, usimwambie tu unataka "12.7". Mwambie ni 12.7 ya boksi, kisha umuulize torsheni baa iliyomo ndani ina unene gani. Akisema hajui, piga simu duka linalofuata.