Je, wajua? Kwa nini Holter (kifaa kidogo cha kuvaa kinachorekodi umeme wa moyo) ikitoka safi bado huwezi kusema mishipa ya moyo ni mizima

Mtu anapanda kutoka barabara ya lami kwenda kihambani kwake Machame. Kwenye mwinuko kifua kinabana, akisimama dakika chache kinaachia. Hiyo ni dalili ya wazi ya mishipa inayolisha moyo kuwa imesinyaa. Ila akilazwa kitandani hospitalini Moshi na kupimwa ECG (mchoro wa umeme wa moyo), karatasi inaweza kutoka nzuri tu, kwa kuwa mshipa uliosinyaa hupitisha damu ya kutosha moyo ukiwa umetulia. Upungufu hujitokeza kazi ikizidi.

Ndiyo maana hupandishwa kwenye mashine ya kutembelea. Kwa utaratibu wa hatua uitwao Bruce huanza na kasi ya kilomita 2.7 kwa saa, mwinuko asilimia 10. Kila dakika 3 vyote huongezwa: kilomita 4 na asilimia 12, halafu 5.5 na 14. Mapigo yanayolengwa ni asilimia 85 ya kinachobaki ukitoa umri kwenye 220. Mwenye miaka 60 afikishe 136 kwa dakika. Mpimaji hutazama kipande cha mchoro wa ECG kiitwacho ST. Kikishuka milimita 1 au zaidi, kikiwa kimelala au kinaelekea chini, moyo una njaa ya damu. Presha ikishuka badala ya kupanda huku kifua kikibana, mashine huzimwa papo hapo.

Kinachopotosha zaidi ni dawa. Atenolol na bisoprolol, dawa za presha na moyo, huzuia mapigo yasipande, kipimo kikaitwa kizuri kumbe hakikufika mwisho. Daktari ndiye aamue kama zisitishwe. Kuzikatiza mwenyewe ghafla ni hatari. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, nayo huishusha ST hata pasipo ugonjwa.

Holter, iliyobeba jina la Mmarekani Norman Holter, huvaliwa saa 24 hadi 48. Hunasa vipindi vya upungufu wa damu visivyouma, ambavyo kwa wagonjwa hawa ni vingi kuliko vinavyouma, na pia mshipa unaojikaza usiku au alfajiri mtu akiwa amepumzika. Mashine ya kutembelea mara nyingi haiukuti huo.

Lakini Holter huona tu kile ulichofanya siku hiyo. Ukikaa ndani kwa kuogopa kuiharibu, moyo haukupewa kazi, na majibu safi hayatakuambia kitu kuhusu ule mlima. Panda, nenda sokoni kama kawaida, na kila kifua kinapobana andika saa na ulichokuwa unafanya. Usioge nayo. Joto la Moshi hutoa jasho na vibandiko huachia, basi ngozi isafishwe kwa spiriti na nywele zinyolewe kwanza. Hata kujigeuza kitandani huweza kuisogeza ST, ndiyo maana saa ya kulala nayo iandikwe.

Kwa anayeweza kutembea, tungeanza na mashine ya kutembelea. Mwenye goti bovu hupewa dobutamini kwa dripu ili moyo uende kasi akiwa amelala, huku ukitazamwa kwa ultrasaundi.