Figo imekubali, mbona sina raha wala hamu?

Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kwa mwanamke wa Ujiji au Kasulu, Dodoma si India, treni inamfikisha. Lakini kuna maswali anayokwenda nayo kliniki na kurudi nayo, kwa kuona aibu kuyauliza.

Kaka yangu kanipa figo, kazi inafanya. Mbona usiku nalia? Naogopa kuonekana sina shukrani.

Dada, mtu anaweza kushukuru na bado akawa na huzuni. Prednisoloni, moja ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, hasa miezi ya mwanzo ambapo dozi ni kubwa, huweza kukunyima usingizi, kukupandisha hasira na kukutoa machozi bila sababu. Huvimbisha uso na kuongeza uzito, hata ukajitazama kwenye kioo usijitambue. Takrolimasi, dawa nyingine ya kazi hiyo, nayo huweza kutetemesha mikono na kupunguza nywele. Ongeza hofu ya figo kukataliwa, na uzito wa kujua ndugu yako kapasuliwa kwa ajili yako. Nani asingelemewa?

Huzuni ikipita wiki mbili, na hata ulivyovipenda havikufurahishi, hiyo huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Mwambie daktari wa figo. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda Hospitali ya Maweni, Kigoma, au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Usiache vidonge kwa uamuzi wako, maana mwili utaikataa figo. Mitishamba ya kutuliza moyo nayo usinywe kabla ya kuuliza: mingine huvuruga nguvu ya dawa zako.

Hamu ya tendo la ndoa haijarudi, na mume ananung'unika.

Ugonjwa wa figo huvuruga homoni, prolaktini ikiwemo, na hamu hufifia. Figo mpya hurekebisha, ila polepole. Kuna wanaochelewa kwa sababu ya sonona, upungufu wa damu au baadhi ya dawa za presha, na hizo daktari anaweza kuzibadilisha. Ukavu ukeni hutulizwa na kilainishi cha maji. Mafuta, yawe ya mawese au ya kupaka, hudhoofisha kondomu.

Wengine wanaogopa kuiumiza figo, na waume pia wanaogopa ila hawasemi. Imewekwa chini ya tumbo, karibu na kinena. Kidonda kikishapona na daktari akaruhusu, tendo haliidhuru. Chagueni tu mlalo usiokandamiza upande huo. Nenda na mume kliniki, asikie mwenyewe.

Hedhi imerudi. Naweza kushika mimba?

Ndiyo, tena mapema: yai linaweza kupevuka ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya upasuaji, hata kabla hujaona damu. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa kuwa walikaa miaka bila hedhi. Anza uzazi wa mpango mapema na usubiri angalau mwaka. Kama unatumia mikofenoleti, nayo dawa ya kuzuia figo isikataliwe, jihadhari zaidi, kwani huharibu mimba na kumletea mtoto kasoro. Daktari huibadilisha angalau wiki 6 kabla ya kutafuta mtoto.

Na saratani ya mlango wa kizazi?

Dawa zinazoshusha kinga hukupa hatari kubwa kuliko wenzako, kwa sababu mwili unashindwa kuviondoa virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo. Omba kipimo kila mwaka, hata kama hakuna kinachouma.