Kufuta Windows na kuweka Debian hakutoshi

Wengi wanaonunua laptopu za mitumba Kampala huamini kwamba wakifuta Windows na kuweka Debian, mfumo endeshi huru, kilichobaki ni programu huru tupu, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuona msimbo wake na kuubadilisha. Sivyo. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, kisakinishi chake huweka chenyewe femuwea (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya ndani) zisizo huru zinazohitajika, hasa ya Wi-Fi ya Intel. Sakinisha programu ya check-dfsg-status, iendeshe kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), itakutajia kila pakiti isiyo huru. Ukiondoa firmware-iwlwifi, pakiti ya femuwea hiyo ya Intel, na kuwasha upya, Wi-Fi inakufa, na hapo ndipo watu hukata tamaa bure. Chomeka kidude cha Wi-Fi cha USB chenye chipu ya AR9271 na usakinishe firmware-ath9k-htc, ambayo ni huru. Kinashika Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4 tu. Kubadilisha kadi ya Wi-Fi ya ndani? BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) ya laptopu ya ThinkPad X230 hukataa kadi isiyo kwenye orodha yake. Na BIOS hiyo nayo si huru.