Kikubwa hutangulia: kutenganisha virusi kwa ukubwa

Anayeingia maabara kwa mara ya kwanza hudhani mrija wa kromatografia (uliojaa punje za jeli, wa kutenganishia vitu) ni chekeche: vidogo vipenye, vikubwa vibaki juu. Ni kinyume. Vikubwa ndivyo hutoka kwanza.

Chukua mkokoteni na mtoto aliyetumwa dukani, wote wanashuka mtaa mmoja wa Kariakoo. Mkokoteni hauingii uchochoroni, unanyoosha njia. Mtoto huingia kila uchochoro, achungulie, arudi, atafika kachelewa. Ndani ya mrija, vichochoro ni vitundu vya punje za jeli, na maji ya bafa (yenye chumvi za kutuliza asidi) ndiyo yanayosukuma kila kitu kushuka.

Mimi hushughulika na bakteriofaji, virusi vya bakteria. MS2 ni kama tufe lenye nanomita 27 hivi. T4, pamoja na mkia wake, hufika takriban 200. Tofauti hiyo ilinidanganya. Mara ya kwanza nilitumia jeli ya kutenganishia protini niliyoikuta kabatini, na vyote viwili vikatoka pamoja, kilima kimoja kwenye grafu. Vitundu vilikuwa vidogo hata kwa MS2. Kwa jeli ile, vyote vilikuwa mikokoteni.

Nikahamia jeli ya agarosi ya asilimia 4. (Agarosi hutokana na mwani, ila si ule unaolimwa Paje na Jambiani, ule hutoa karajinani, kitu kingine cha kugandisha.) Hapo MS2 ikapata pa kuingia, T4 ikapita moja kwa moja. Ukipunguza agarosi vitundu hupanuka, lakini punje hulainika, na pampu ikizidi nguvu zinabonyea na mrija unaziba. Halafu usiwe na haraka: kirusi ni kizito kuingia na kutoka kwenye vitundu, ukikikimbiza vilima vinatanuka na kupandana. Mimi huuacha mrija utiririke usiku kucha.

Kujua nani katoka lini ni rahisi. MS2 huambukiza bakteria wenye vinyweleo vya F pekee, aina ya vinyweleo ambavyo si bakteria wote wanavyo. Tone la mwanzo kutoka mrijani likitoboa madoa (pale bakteria walipokufa) hata kwenye sahani ya bakteria wasio na vinyweleo hivyo, hiyo ni T4.

Kinachonishinda kwa mrija huu ni magamba matupu. Gamba la protini la MS2 lisilo na RNA (urithi wa kirusi) ndani lina ukubwa uleule, hivyo hutoka pamoja na lililojaa. Hapo hulinganisha ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260, ambao RNA huufyonza zaidi, na wa 280, wa kupimia protini. Uwiano ukishuka mno, najua nimevuna maganda.