Umaskini pekee hauelezi uhalifu

Ukiuliza kwa nini watu huiba au hughushi nyaraka, jibu la haraka huwa ni umaskini. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi: mbona maskini walio wengi hawavunji sheria, na mbona wenye mishahara minono huiba?

Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alidai mwaka 1876 kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na hutambulika kwa umbo la fuvu na taya. Charles Goring, daktari wa magereza, aliwapima wafungwa wapatao 3,000 Uingereza, akawalinganisha na watu wasio wafungwa, na mwaka 1913 akatangaza kuwa hakuna umbo la namna hiyo. (Hata hivyo, "ana sura ya wizi" bado inasemwa.)

Wenye mishahara minono walimshughulisha Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, tangu mwaka 1939. Kwake, uhalifu hufunzwa kama ufundi wowote: kutoka kwa watu wa karibu mtu huchukua mbinu na, la hatari zaidi, maneno ya kujihalalishia. Mhasibu anayechota fedha za kampuni hajiiti mwizi. Hujiambia amekopa tu, atarudisha.

Robert Merton, mwanasosholojia mwingine wa Marekani, alikuwa ameshaugusa umaskini wenyewe mwaka 1938. Kinachouma, alisema, ni pengo: jamii inamhimiza kila mtu atajirike huku njia halali zikiwa wazi kwa wachache. Mwanasosholojia Travis Hirschi naye, mwaka 1969, aligeuza swali: kwa nini wengi hawatendi uhalifu? Alitaja vifungo vinne: mapenzi kwa wazazi na walimu, mambo ambayo mtu angepoteza akikamatwa, shughuli zinazojaza muda wake, na imani kwamba sheria ni haki.

Nadharia hizo zote humchunguza mtu. Mwaka 1979 wanasosholojia Lawrence Cohen na Marcus Felson walilichunguza tukio lenyewe la uhalifu. Marekani ya miaka ya 1960 ilikuwa na kipato kinachopanda, lakini wizi wa majumbani uliongezeka. Maelezo yao: watu wengi zaidi walishinda kazini, nyumba zikabaki tupu mchana, na vitu vya thamani vikawa vyepesi. Televisheni nyepesi kuliko zote katika orodha moja ya bidhaa ilikuwa na kilo 17 hivi mwaka 1960. Mwaka 1970, kilo 7 tu. Kwao, tukio huhitaji vitu vitatu kukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, shabaha inayofaa (kama kitu cha kuibwa), na kukosekana kwa mlinzi. Kimoja kikikosekana, tukio halitokei. Mlinzi hapa si lazima avae sare. Jirani aliyekaa kibarazani anatosha.

Makosa huanza pale nadharia moja inapolazimishwa kujibu swali la nyingine. Kufuli halimwelezi kijana aliyejiunga na genge, na malezi hayaelezi kwa nini duka hili limevunjwa mara tatu na la jirani halijaguswa. Kwa duka hilo, anza na saa za matukio, kisha kilichochukuliwa, kisha nani angeweza kuona wakati huo. Kamera ambayo hakuna anayeitazama wala kufuatilia picha zake ni mlinzi wa jina tu, na wezi wa eneo huligundua hilo mapema.