Daktari wa mishipa ya fahamu si yule anayepasua

Mtu akianza kufa ganzi miguu huku Mtwara, ushauri unaomfikia kwanza ni huu: "Nenda Muhimbili, MOI (taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo), kamwone daktari wa mishipa." Nia ni njema, ila hapo wamechanganywa mabingwa wawili, wakati mwingine watatu.

Maana yenyewe ni fupi. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu hutibu magonjwa ya ubongo, uti wa mgongo, neva na misuli, na kazi yake ni kupima na dawa. Kifafa, kipandauso, kutetemeka, udhaifu usiojulikana ulikotoka, vyote ni vyake. Kisu si chake. Anayepasua ni bingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, naye huitwa pale penye kitu cha kutoa au kulegeza: uvimbe, damu iliyovilia kichwani baada ya ajali ya bodaboda, maji kichwani kwa mtoto. Ukisema "mishipa" tu, unaweza kupelekwa kwa wa mishipa ya damu, na mzee wa pwani atadhani una ngiri.

Kinachonikera zaidi ni watu kuanzia kwenye picha. Fedha za korosho zinalipa MRI ya mgongo, inaonekana diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili, imechomoza kidogo (jambo la kawaida hata kwa watu wazima wasioumwa chochote), basi diski inabebeshwa kesi. Miguu yenyewe hakuna aliyeigusa.

Bingwa wa fahamu huuliza "wapi" kabla ya "nini". Anakukwaruza unyayo kwa kitu butu, kutoka kisiginoni kwenda vidoleni. Kidole gumba cha mtu mzima kikijikunja chini, sawa. Kikiinuka, hitilafu iko ubongoni au kwenye uti wa mgongo, si kwenye neva za mguu. Babinski alikieleza kipimo hicho huko Ufaransa mwaka 1896, na hata umeme ukikatika kinafanyika. Ganzi nayo ina ramani yake. Ikianzia nyayo zote mbili na kupanda kama soksi, kwanza hushukiwa kisukari, pombe, upungufu wa vitamini B12 au VVU. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati na kukuamsha usiku, mara nyingi neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikikaa juu ya baka lililopauka, usipande basi kwenda popote: ulizia kliniki ya ukoma wilayani.

Na kuna konzo, ambayo sisi wa kusini tulipaswa kuijua kuliko wengine, kwa kuwa ilizuka Mtwara mwaka 2002 na 2003. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla baada ya wiki kadhaa za kula muhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, hasa msimu wa njaa, mboga ikiwa haba. Hapo mpasuaji hana cha kupasua. Swali la msaada ni "mmekula nini?"

Vipimo vikitoka safi, pia usikubali haraka kuambiwa "hiyo ni akili tu". Ubongo unaweza kuwa mzima kwenye picha na bado ukashindwa kuamuru mguu. Anayelitambua hilo ni huyo huyo wa fahamu, kwa kukupima kwa mikono. Wa afya ya akili husaidia kwenye tiba.

Mdomo ukipinda au upande mmoja ukilegea ghafla, au miguu ikilegea pamoja na mkojo kuzuilika, usichague bingwa, kimbilia idara ya dharura iliyo karibu. Yasiyo ya ghafla, anza na daktari wa magonjwa ya ndani, pale hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi). Akikupa rufaa iliyoandikwa "neuro" peke yake, mrudishie kwa upole, umwombe aandike kama ni ya tiba au ya upasuaji.